Je, Tuulize Tusipokuwa na cha Kutoa?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Yohana 5:1–9; Marko 5:35–43; 2 Wafalme 4:1–7; Yakobo 2:14–17; Luka 10:30–37; Mithali 11:13.

Fungu la kukariri: Yakobo 2:15, 16. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Mgonjwa wa kisukari anaruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na chupa ya insulini na maelekezo mazuri: aiweke dawa mahali pa baridi, ale kwa saa maalumu, arudi kliniki baada ya majuma mawili. Nyumbani kwake hakuna friji. Mlo ni mmoja kwa siku. Nauli ya kwenda kliniki na kurudi ingelisha watoto kwa siku tatu. Baada ya mwezi mmoja analetwa tena, safari hii akiwa hajitambui, na katika faili lake panaandikwa kwamba hakufuata masharti ya dawa. Hakuna aliyemwuliza kama angeweza kuyafuata.

Kwa sababu ya wagonjwa wa namna hii, hospitali katika nchi mbalimbali zimeanza kuuliza maswali ambayo zamani hayakuhesabiwa kuwa kazi ya daktari. Je, kuna chakula nyumbani? Unalala wapi? Utafikaje kliniki? Je, uko salama pale unapoishi? Ukilitazama juu juu, jambo hili ni jema na halina ubishi. Lakini ndani yake mna swali gumu la dhamiri. Je, ni haki kumwuliza mtu habari za njaa yake wakati huna chakula cha kumpa? Na ukiacha kumwuliza, je, umekuwa mwema zaidi?

Swali hili haliwahusu waganga na wauguzi peke yao. Linamhusu kila mshiriki anayemtembelea mgonjwa, kila mama wa Dorkasi, na kila mzee wa kanisa anayebisha hodi kwenye nyumba yenye shida.

*Jifunze lesoni ya juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Swali la Ugonjwa, Jibu la Maisha

Soma Yohana 5:1–9. Yesu alimwuliza nini yule mgonjwa, naye alijibu nini?

Kando ya birika la Bethzatha alilala mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38. Bwana alimwuliza kama anataka kuwa mzima. Swali hilo lilihitaji neno moja tu, lakini mgonjwa hakulijibu hivyo. Alieleza kwamba hana mtu wa kumsaidia kuingia majini, na kwamba kila anapojaribu mwingine humtangulia.

Aliulizwa habari za mwili, akajibu habari za maisha. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, na upweke wake ulikuwa ugonjwa wa pili uliouzuia ule wa kwanza usipone. Angalia kwamba Bwana hakumkemea kwa kutoka nje ya swali. Alimsikiliza hadi mwisho, ndipo akasema neno la uponyaji.

Jambo kama hilo limo katika Marko 5. Binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12, amefufuliwa, na chumba kizima kimejaa mshangao. Katikati ya mshangao huo Yesu anaagiza binti apewe chakula. Aliyeishinda mauti hakuona kwamba habari ya chakula ni ndogo kwake. Alijua kwamba mtoto aliyerudishiwa uhai bila kulishwa bado yuko hatarini.

Tiba ya kisasa ilichelewa kulijua jambo hili. Mwaka 1905, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari Richard Cabot alichoka kutoa ushauri usiotekelezeka. Aliwaambia maskini wapumzike, wale vizuri, waache kazi nzito, akijua kwamba wakitoka pale mlangoni watarudi kwenye kazi ileile na chumba kilekile kisicho na hewa. Akamleta muuguzi Garnet Pelton, kazi yake ikiwa kufuatilia maisha ya wagonjwa nje ya hospitali. Baada yake Ida Cannon aliiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo ustawi wa jamii ulivyoanza kupata nafasi katika hospitali za Marekani.

*Umewahi kumpa mtu ushauri mzuri ambao hali yake haikumruhusu kuufuata? Ni swali gani lingepaswa kutangulia ushauri huo?*

JUMATATU: Mlango au Kizuizi

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwuliza yule mjane maswali gani mawili?

Mjane alimjia Elisha akiwa na deni, na mwenye kumdai alikuwa karibu kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii alimwuliza kwanza amfanyie nini. Kisha akamwuliza ana kitu gani nyumbani. Swali la kwanza lilitafuta haja yake. La pili lilitafuta alichokuwa nacho, maana hata maskini hana mikono mitupu kabisa: alikuwa na chupa ya mafuta, alikuwa na wana wa kumsaidia, alikuwa na majirani wenye vyombo.

Lakini maswali hayohayo yanaweza kuulizwa kwa moyo mwingine. Mwaka 1895 Hospitali ya Royal Free mjini London ilimwajiri Mary Stewart, mtu wa kwanza kupewa katika hospitali ya Uingereza kazi ya kuchunguza hali za wagonjwa. Uongozi ulikuwa na wasiwasi kwamba watu wenye uwezo wanatibiwa bure, hivyo akatakiwa kuwabaini. Baadaye yeye na wenzake waliomfuata wakawa msaada mkubwa kwa maskini. Hata hivyo, swali la kwanza aliloagizwa kuuliza lilikuwa la mlinzi wa lango: Je, huyu anastahili kuingia?

Sisi nasi tunalifahamu swali hilo. Mwaka 1993 Tanzania ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Pamoja nao uliwekwa msamaha kwa makundi maalumu, na kwa wale wasio na uwezo wa kulipa. Asiyejiweza huenda kwa afisa ustawi wa jamii, mara nyingi akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, naye huulizwa: Unafanya kazi gani? Una watoto wangapi wanaojitegemea? Una shamba? Nani amekuleta?

Maafisa wengi huuliza maswali haya kwa huruma, na wapo wanaotoa nauli ya mgonjwa mfukoni mwao. Lakini mgonjwa aliyewahi kuulizwa maswali hayo ili anyimwe msamaha hujifunza kujibu kwa hofu. Atakapoulizwa tena siku nyingine, hata na mtu anayetaka kumsaidia, ataficha.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima si maneno ya swali bali faida yake. Je, jibu litamnufaisha anayeulizwa, au anayeuliza? Elisha aliuliza ili mjane atoke na mafuta. Kila anayeuliza habari za umaskini wa mwenzake inampasa awe na uwezo wa kusema wazi kwa nini anauliza, na kulisema hilo kabla hajajibiwa.

JUMANNE: Enendeni kwa Amani

Soma Yakobo 2:14–17. Ni kosa gani hasa analolikemea mtume?

Yakobo anamweleza ndugu aliye uchi na asiye na riziki ya siku ile. Mtu wa kanisani anamtakia amani, anamtakia joto, anamtakia shibe, kisha hampi kitu. Tukumbuke kwamba huyu msemaji hakuwa kipofu. Ili aseme maneno yale ilimpasa kwanza ajue kwamba mwenzake ana baridi na njaa. Uchunguzi wake ulikuwa sahihi kabisa, nao haukumfaa mgonjwa hata kidogo.

Wataalamu wa afya wana kanuni inayofanana na fundisho hili. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Wilson na Jungner kuhusu upimaji wa watu ambao bado hawajalalamika ugonjwa. Kati ya kanuni walizoweka ni hizi: kuwe na tiba inayokubalika kwa atakayekutwa na ugonjwa, na pawe na mahali pa kumpeleka. Kupima bila njia ya kutibu ni kumwongezea mtu mzigo wa kujua.

Kwa miaka ya karibuni Marekani imekuwa darasa la jambo hili. Mwaka 2017 serikali yake ilianzisha mpango wa majaribio wa kuwauliza wagonjwa kuhusu mahitaji matano: makazi, chakula, usafiri, huduma za nyumbani kama umeme na maji, na usalama dhidi ya ukatili. Wengi waliokutwa na mahitaji walikubali kuunganishwa na msaada. Lakini kuunganishwa hakukuwa sawa na kupata, kwa kuwa mara nyingi nyumba za bei nafuu hazikuwepo, na aliyepewa orodha ya namba za simu alibaki na orodha mkononi. Kuanzia mwaka 2024 hospitali zilitakiwa kutoa taarifa ya wagonjwa wazima waliolazwa na kuulizwa maswali hayo, na ni wangapi walikutwa na shida. Vipimo hivyo viwili havikuhesabu ni wangapi walisaidiwa. Mwaka 2025 serikali iliamua kuviondoa.

Hapa tunaona hatari iliyomo katika kila taasisi, kanisa likiwemo. Ni rahisi kuhesabu maswali kuliko kuhesabu mikate. Taarifa ya robo inaweza kuonyesha kwamba tumetembelea wagonjwa 40, na isionyeshe kama kuna mmoja aliyekula.

*Taarifa za idara zetu kanisani zinahesabu nini: tulichofanya sisi, au kilichombadilikia aliyehudumiwa?*

JUMATANO: Kunyamaza Nako ni Jibu

Soma Luka 10:30–37. Kuhani na Mlawi walijua nini kuhusu mtu aliyejeruhiwa?

Baada ya kusoma Yakobo, mwingine atasema: basi ni afadhali tusiulize. Muuguzi mmoja ana wodi nzima ya kuhudumia, dawa hazitoshi, na umaskini hautibiwi kwa sindano. Kwa nini tuamshe tumaini tusiloweza kulitimiza?

Hoja hii ina uzito, na anayeitoa mara nyingi ni mtu mwenye huruma aliyechoka. Lakini kuhani na Mlawi nao hawakuuliza kitu. Walipita upande wa pili wa njia, umbali ule unaomwezesha mtu kutokuona vizuri. Kutokujua kulikuwa kinga yao. Nasi tusisahau kwamba mgonjwa asiyeulizwa hawi na shida pungufu kwa sababu hiyo. Anabaki nayo, na juu yake anaongezewa lawama ya kutofuata masharti.

Tena si kweli kwamba jibu la mgonjwa halina faida pale hospitali isipokuwa na chakula wala nyumba ya kutoa. Jibu lake linaweza kubadilisha tiba yenyewe. Daktari akijua hakuna friji, ataeleza namna ya kuhifadhi insulini katika chungu chenye ubaridi wa maji, mahali penye kivuli. Akijua nauli ni shida, na hali ya mgonjwa ikiruhusu, atatoa dawa za miezi miwili badala ya mmoja, au ataweka kliniki mbili siku moja. Akijua mlo ni mmoja, atachagua dawa na saa za kuinywa kwa kuufikiria mlo huo. Umaskini haujaondoka, lakini tiba imeacha kutolewa gizani.

Wapo pia waliofika mbali zaidi. Katika miaka ya 1960, huko Mound Bayou katika jimbo la Mississippi, daktari Jack Geiger na wenzake waliwakuta watoto wanaougua kwa njaa. Wakaandika chakula kwenye karatasi za dawa, familia zikakichukua madukani, na gharama ikalipwa kutoka fungu la dawa la kliniki. Wakubwa walipohoji, Geiger aliwajibu kwamba kwa mujibu wa vitabu vyake vya udaktari, tiba ya utapiamlo ni chakula.

Karibu nasi zaidi, magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Joe Mamlin na wenzake wa mpango wa AMPATH, unaofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret, waliona kwamba wagonjwa wa UKIMWI waliopewa dawa hawapati nguvu kwa kuwa hawana cha kula. Wakaanzisha mashamba, na mgonjwa aliyeonekana kuwa na njaa akaandikiwa mboga, maziwa na mayai kama anavyoandikiwa vidonge.

Hao wote hawakuwa na chakula siku walipouliza. Walikitafuta kwa sababu waliuliza. Swali la kweli humsumbua anayeuliza kabla halijamsumbua anayeulizwa.

ALHAMISI: Siri ya Mgonjwa

Soma Mithali 11:13. Mtu mwaminifu anafanya nini na jambo aliloambiwa?

Anayekueleza kwamba amelala njaa amekukabidhi heshima yake. Kwa hiyo swali lina adabu zake.

*Liulizwe faraghani.* Mwanamke hawezi kueleza kwamba hayuko salama nyumbani huku mwenye kumpiga amesimama kando ya kitanda. Mzee hawezi kusema kwamba wanawe wamemtupa huku mgonjwa wa kitanda cha pili anasikiliza.

*Liwe na ruhusa ya kukataa.* Mgonjwa aambiwe kwamba asipojibu atatibiwa vilevile. Jibu linalotolewa kwa kuogopa kukosa dawa si jibu la hiari.

*Jibu lisitembee.* Hapa kanisa lina jambo la kujichunguza. Wakati wa maombi ya Jumatano mtu husimama na kusema, kwa nia njema, tumwombee dada yetu fulani, maana mumewe amemkimbia, kodi ya nyumba inamshinda, na ana ule ugonjwa. Tumesema amina, lakini tumemvua nguo mbele ya watu. Kesho dada huyo hatamwambia mtu kitu. Mungu anayesikia maombi anawajua watu wake hata tusipowataja majina na shida zao, na Dorkasi wanaweza kupeleka unga bila mtaa mzima kujua.

*Msaada usiwe chambo.* Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na kuahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Hatusomi kwamba aliuliza kwanza majeruhi anaabudu wapi. Mgonjwa akihisi kwamba kilo mbili za mchele ni malipo ya kuhudhuria mahubiri, swali letu limegeuka biashara.

*Ni lipi kati ya haya manne ambalo kanisa lenu linalihitaji zaidi?*

IJUMAA: Mambo ya Kujifunza Zaidi

Katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, mwaka uleule wa kazi ya Cabot huko Boston, Ellen White anaeleza utaratibu wa Kristo. Anaanza na Mwokozi kukaa kati ya watu akiwatakia mema, anaendelea na kuwahurumia na kuwatimizia haja zao, na mwito wa kumfuata unakuja mwishoni. Tukiufuata utaratibu huo hatutamwuliza mgonjwa habari za maisha yake ili tujaze fomu, wala ili tupate nafasi ya kuhubiri. Tutamwuliza kwa kuwa tumeamua kuwa karibu naye.

Basi turudi kwenye swali letu. Je, tuulize tusipokuwa na cha kutoa? Kila swali kuhusu shida ya mtu ni mwanzo wa ahadi. Si ahadi ya kuumaliza umaskini, kwa kuwa hakuna muuguzi wala mzee wa kanisa awezaye hilo. Ni ahadi ya mambo matatu: jibu lako nitalitumia katika kukuhudumia, nitakuambia kweli kuhusu msaada uliopo na usiokuwepo, na sitakuacha peke yako na jambo hili. Mwenye kuweza kuahidi haya matatu aulize, hata kama mkono wake ni mtupu. Asiyeweza, asubiri kuuliza, lakini asistarehe katika kusubiri kwake. Na atafute wa kumsaidia.

Hapa ndipo kusanyiko linapokuwa na kazi. Muuguzi aliye peke yake anaogopa kuuliza kwa kuwa anajua jibu litamwangukia yeye. Lakini akijua kwamba jirani na hospitali kuna watu wanne au watano wanaoweza kupigiwa simu, mmoja mwenye bodaboda, mmoja mwenye shamba la mboga, mmoja anayemfahamu mwenyekiti wa mtaa, mmoja aliye tayari kukaa tu na mgonjwa asiye na ndugu, atauliza kwa ujasiri. Yule mgonjwa wa Bethzatha alikosa mtu kwa miaka 38, katika mji uliojaa waabuduo. Tusiruhusu hospitali iliyo jirani na kanisa letu iwe na wodi yenye mgonjwa wa kusema neno hilohilo.

Maswali ya Kujadiliana

1. Je, kuna hali ambayo kutokumwuliza mgonjwa kuhusu shida zake ni heshima, wala si kumkwepa? Elezeni kwa mifano.

2. Hospitali inaomba kanisa lenu lipokee majina ya wagonjwa wasio na msaada. Ni mambo gani mnapaswa kukubaliana kwanza ili siri zao zitunzwe?

3. Elisha aliuliza pia mjane ana nini nyumbani. Tunawezaje kumsaidia mtu bila kumfanya ajione hana chochote?

4. Andikeni orodha ya vitu ambavyo darasa lenu linaweza kutoa juma hili: muda, usafiri, chakula, ujuzi, kufahamiana na watu. Kisha jadilini nani ataipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya karibu, na lini.